Viza ya Mwatuani

Mwaka huu, kwenye harusi ya binti wa jirani yangu hapa Kyela mjini, niliwekwa meza moja na wageni wa upande wa bwana harusi, watu wa Dar es Salaam waliokuwa wakijipepea kwa kadi za mwaliko na kulalamikia joto letu kana kwamba kwao kuna theluji. Mmoja wao, mama mwenye kilemba cha zambarau, alinitazama muda mrefu huku akichambua miiba ya samaki. Nami nilikuwa namtazama kwa kuibia, nikijua kwamba uso ule nimewahi kuuona nyuma ya kioo. Ghafla akaweka kijiko chini. "Wewe si yule dada wa Kyela?" akauliza. "Wa ubalozini? Mliokuwa na yule mzee kwenye simu?" Nikacheka mpaka wenzetu wakageuka. Alikuwa Bi Rehema, karani wa dirisha la viza enzi zile, ambaye sasa amestaafu na kunenepa vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasogeza kiti, akaniuliza swali ambalo alisema limemkaa kichwani miaka yote hiyo: "Yule Mvietinamu wako, mwenzangu, alirudi?" Nikamwambia ale kwanza, maana habari yenyewe haielezeki kwa neno moja. Muziki ulikuwa juu, na nilichomweleza siku ile kilikuwa nusu tu. Hapa nayaweka yote.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, sina mume, nina mgahawa. Ulikuwa chumba kimoja karibu na stendi, kuta za rangi ya maji ya bahari iliyokuwa ikibanduka kila masika, mapazia ya kitenge mlangoni, na nyuma yake kibanda cha jiko na chumba changu cha kulala. Asubuhi nilikuwa na vitumbua na chai ya tangawizi, na mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, zilizochemshwa na maharage mpaka zikalainika. Mchana wali na mbasa, samaki wetu wa Ziwa Nyasa. Tuan aliingia humo na kundi la mafundi waliokuja kusimika minara ya simu, wageni na wenyeji wamechanganyika, wote wamechoka na wana njaa. Wenzake walishambulia sahani. Yeye aliinamisha uso juu ya wali, akavuta harufu, akafumba macho. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha wiki chache: "Mpunga huu, shamba wapi?" Nikamwelekeza Busale. Jumapili iliyofuata alipanda bodaboda akaenda kuyaangalia majaruba kwa macho yake, akarudi na tope mpaka magotini, uso umechangamka kama mtu aliyetoka kuwaona wazazi. Kwao, aliniambia baadaye, kila kitu kilikuwa hivyo: maji, mpunga, migomba, na watu wanaojua kutofautisha mchele kwa kuunusa.

Kazi ya minara ilipokwisha, wenzake waliondoka. Yeye alikuwa ameshaona mashine za kukoboa mpunga za Busale na Ngana, mashine za aina ileile ambayo mjomba wake alikuwa nayo, zikifungwa kwa kamba na kuombewa. Alizitengeneza mbili tatu, zikanguruma, na wenye mashine wakaungana wakamwombea kibali cha kufanya kazi. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Ambokile wa Busale, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakimwita Mchina walimchoka kwa jinsi alivyokuwa akiwasahihisha, wakamtungia jina. Kwa kuwa huku majina mengi ya koo huanza na Mwa, wakamwita Mwatuani, na jina likashika hata kanisani. Mapenzi yetu hayakuwa na siku ya kuanza. Alikuwa mteja, halafu akawa mteja anayeosha sahani yake, halafu siku moja nikamkuta jikoni kwangu na chungu kikubwa cha Wakisi, kile cha udongo kinachofinyangwa na kina mama wa mwambaoni, akipanga humo usipa, dagaa wa ziwani, na chumvi, tabaka juu ya tabaka. Akafunika, akaweka jiwe. Baada ya muda wateja walianza kuniuliza ni nini kimefia nyuma ya nyumba. Nilitaka kukitupa chungu kile. Lakini alipokifungua na kunidondoshea juu ya wali matone mawili ya mchuzi mwekundu wa samaki, kama wa kwao, nilijiongezea mwenyewe sahani ya pili.

Mama yangu hakuupenda mchuzi wala mwenye mchuzi. Aliishi Ngana, na siku za soko alikuja mjini na ndizi na kakao yake, akimaliza kuuza anapumzika jikoni kwangu na mdogo wake, mama mdogo Bupe. Walizungumza Kinyakyusa kwa sauti ya chini, wakidhani mafuta yanayokaanga samaki yanazuia masikio yangu. "Ni mpole," alisema mama mdogo, "na anasalimia vizuri." Mama akajibu, "Wapole wako wengi Ngana. Huyu ana ndugu zake huko alikotoka, na siku wakimwita ataitika. Subilaga atabaki na chungu kinachonuka." Nilichochea moto kuliko ulivyohitaji. Kilichoniuma ni kwamba hilo nami nilikuwa nimeliwaza mara nyingi.

Waliita Januari. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu na Tuan alilazimika kuweka simu karibu kabisa na uso. Aliyekuwa akipiga alikuwa dada yake, Hoa. Mama yao alikufa Tuan akiwa mdogo, na Hoa, mwenyewe bado msichana, ndiye aliyemlea: alimbeba mgongoni akiuza supu ya tambi sokoni, akamfundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia. Baadaye alikwenda Ulaya kufanya kazi ya kushona kiwandani, akaolewa huko, akafiwa na mume, na miaka yote hiyo akamsomesha mdogo wake kwa fedha ya mshono. Hawakuwa wameonana tangu alipoondoka. Sasa figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Alikuwa akiishi kwa kwenda hospitali kusafishwa damu, na mwili ulikuwa umeanza kuchoka na hiyo mashine. Tuan aligeuza simu ili tuonane. Niliona uso uliovimba, wa rangi ya nta, ukinitabasamia. Akasema maneno machache. "Anasemaje?" nikauliza. "Anauliza kama mimi nakula vizuri." Hapo ndipo nilipolia, si kabla. Alipokata simu alisubiri mvua ipungue, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba alitaka lugha yangu ishuhudie: "Subi, mimi nina figo mbili."

Sitaitaja nchi aliyoishi Hoa, kwa sababu watu wa ubalozi ule walikuwa wakifuata sheria zao na sina ugomvi nao leo. Tulikwenda Dar es Salaam mara ya kwanza mwezi wa pili, tukiwa na haraka na imani nyingi. Tuan alivaa shati la kuazima, akajibu maswali mbio mbio. Tulilala kwa binamu yangu Mbagala tukingoja, na jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Hawakuridhika kwamba Hoa ni dada yake, maana jina la ukoo alilotumia ni la marehemu mumewe. Wala hawakuridhika kwamba Tuan akishaingia atatoka, maana hana nyumba, hana mke, hana kitu cha kumvuta arudi. Tuliposimama nje kwenye jua, jamaa mmoja mwenye miwani myeusi alitufuata mpaka kituo cha basi. Alikuwa kishoka, dalali wa vyeti bandia, na alituongelesha kwa upole kama daktari. "Wamekunyima kwa sababu ya ndugu na kwa sababu ya kurudi, si ndiyo? Hayo madogo. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya nyumba, kesho mchana mnavyo mkononi." Tuan alinitazama. Macho yake yalikuwa yakiniomba nikubali. "Wakigundua," nikamwambia, "hutaingia tena nchi ile maisha yako yote, na dada yako atakufia huko." Jamaa akatabasamu, akasema tukibadili mawazo tunajua pa kumpata. Safari nzima ya kurudi, kutoka Mbagala mpaka milima ya Tukuyu, Tuan aliegemeza kichwa chake kwenye kioo cha basi, amekunja uso kwa hasira.

Masika yale yalikuwa makali. Mto ulijaa, barabara za vijijini zikakatika, na mgahawani walikuja wachache, wakinywa chai na kuzungumzia majaruba yaliyosombwa. Jioni moja Tuan alikaa kwenye meza ya mwisho, akanisubiri nimalize kufuta nyingine. "Tuoane," akasema. "Si cheti cha yule mtu. Ndoa ya kweli, ya mchungaji wenu, wiki hii. Halafu turudi ubalozini." Nilikuwa nimelingoja neno lile kwa miezi mingi. Nilikuwa nimelipangia mpaka nguo. Na nilipolisikia nilijua siwezi kulipokea. "Hapana," nikasema. Akadhani sikuelewa, akarudia. "Nimesikia, Tuan. Nakupenda, na nitaolewa na wewe. Lakini sitaolewa ili upate muhuri. Ukienda huko ukakaa miezi, kila siku nitajiuliza kama ulinitaka mimi au ulitaka muhuri. Nenda kwanza. Ukirudi, niulize tena." "Na nikikosa kwenda?" "Utakwenda. Tutatafuta njia." Alisimama, akanisukumia kiti mezani kwa adabu kama mgeni, akatoka kwenye mvua. Siku kadhaa alikula bila kuongea nami, na alipika wali wake mwenyewe, jambo lililoniuma kuliko maneno.

Mama ndiye aliyekuja kutuvunjia kimya kile, ingawa hakuja kwa ajili hiyo. Alivuka maji ya Ngana sketi imefungwa kiunoni, kuja kuangalia kama bati langu limeng'oka. Alimkuta Tuan anaosha sahani nje chini ya mchirizi wa paa, akaniuliza jikoni, "Mmegombana?" Nikamweleza. Nilidhani atafurahi. Alikaa kwenye kigoda akachambua maharage kwa muda mrefu, mazuri huku, mabovu kule. "Huyo dada ndiye aliyemlea?" "Ndiyo, mama." "Alimbeba mgongoni?" "Ndiyo." "Na wewe unamsaidia aondoke, ingawa unaweza kubaki peke yako." "Ndiyo." Akaendelea kuchambua. "Mwezi mzima nimemwomba Mungu wamnyime tena," akasema. "Nisamehewe. Mwanamume anayeacha dada yake afe ili abaki na wewe hapa, huyo nisingemtaka kwangu hata akiniletea ng'ombe." Kisha akapaza sauti, kwa Kiswahili, ili asikike nje: "We Mwatuani! Acha sahani za watu, njoo ule. Na uniambie hao wazungu wanataka nini, nikwambie nani wa kumwendea."

Kuanzia siku hiyo kazi ilikuwa ya watu wengi. Shangazi yake Tuan, huko kijijini kwao, alikwenda ofisi za serikali mara kwa mara mpaka wakamtolea kumbukumbu za kuzaliwa za watoto wote wawili, zenye jina la mama mmoja. Mimi nilijipa kazi iliyonitisha kuliko zote: kuipigia hospitali ya Hoa. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne na cha watalii wawili watatu wanaoteremka kwenda ziwani. Niliandika maneno yangu mkononi kwa kalamu, nikapanda kilimani ambako mtandao ulikuwa mzuri, chini ya mnara ambao Tuan mwenyewe aliusimika. Wakanipitisha kwa mtu huyu na yule, wakanichezea muziki, simu ikakatika, nikapiga tena, na tena kesho yake. Mwisho nikampata mama mmoja, mratibu wa upandikizaji wa figo, mwenye sauti kavu. Maneno ya mkononi yalikuwa yamefutika kwa jasho. Nikasema yaliyonijia. "Mama, kuna mwanamke kwenu anakufa. Ndugu yake yuko hapa, pembeni yangu, ni mzima kabisa. Kati yao kuna mlango mmoja tu umefungwa. Niambie ni nani mwenye ufunguo." Kisha akasema, sauti imelainika, "Nyie mko Tanzania sehemu gani?" Nikamweleza. Akaniambia kwamba damu ya Tuan inaweza kuchukuliwa Dar es Salaam na kutumwa kwao kwa vipimo, kwamba bima ya Hoa itabeba matibabu ya anayetoa figo, na kwamba majibu yakiwa mazuri, hospitali yenyewe itazungumza na ubalozi. Majibu yalikuwa mazuri. Damu zao zilifanana kama ndugu walivyo, na figo yake ingemfaa. Siku hiyo Tuan alinikumbatia mbele ya wateja wote, jambo ambalo watu wa kwao na watu wa kwetu hawalifanyi, na tulipoachana alikuwa anacheka na amelowa machozi mpaka shingoni.

Ilibaki lile la pili, la kurudi. Mavuno yalikuwa yameanza, mashine zinahitajika kuliko wakati wowote, na tulidhani wenye mashine watakasirika fundi wao akiondoka. Mzee Ambokile aliwaita kwake, wakala mbalaga na kuku, wakabishana mpaka koo zikakauka. Walikubaliana kumpa mkataba wa kutunza mashine zao zote kwa misimu mitatu, na kila mmoja akaweka namba yake ya simu. "Wakitaka kujua, wanipigie mimi," alisema mzee, akijipiga kifua. "Nitawaeleza hao."

Na kweli walimpigia. Safari ya pili ofisa aliyetusaili alikuwa mzungu mwembamba, mwenye kikohozi na subira, akizungumza Kiingereza huku Bi Rehema akitafsiri pale tulipokwama. Alisoma kila kitu. Udugu ulimridhisha. Alipofika kwenye mkataba wa mashine alinyanyua macho. "Huyu bwana yupo kweli?" Nikasema mpigie. Nadhani hakutegemea jibu hilo. Akamwashiria Bi Rehema, akaipiga namba na kuweka sauti ya juu, na chumba kile chenye kiyoyozi kikajaa Busale: kuku, mvumo wa upepo, na sauti ya mzee Ambokile.

"Haloo! Nani?"

"Shikamoo mzee. Napiga kutoka ubalozini, Dar es Salaam."

"Ubalozini? Mmemfunga?"

"Hapana, mzee wangu. Tunataka kujua kama unamfahamu Bwana Tuan."

"Mwatuani! Kwa nini nisimfahamu? Mashine yangu ameiacha imefunguliwa, imelala sakafuni vipande vipande kama ng'ombe aliyechinjwa! Kina mama wamepanga magunia hapa nje, wananitazama mimi!"

Bi Rehema alitafsiri akiuma midomo. Ofisa akakohoa, akauliza, "Mwulize kama anaamini kwamba huyu bwana atarudi Kyela."

Bi Rehema akauliza. Mzee akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye foleni ya nje. "Sasa mwanangu, atarudi vipi kama hamjamruhusu kwenda? Mpeni aende, ndipo arudi!"

Bi Rehema alishindwa kutafsiri. Alifunika uso kwa faili, mabega yakitikisika, na Tuan, aliyekuwa amekaa wima kama mshitakiwa asubuhi nzima, akacheka kwa sauti. Ofisa alisubiri mpaka akatafsiriwa. Hakucheka, lakini aliandika kitu, na nikaona kona ya mdomo wake imepanda. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni mchumba wake. Mngekuwa mmeoana, ombi hili lingekuwa na nguvu zaidi. Kwa nini hamkuoana?" Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. "Aliniomba," nikasema. "Nilikataa kwa sababu alikuwa anaomba kwa hofu. Nataka aniombe wakati hana shida na mtu." Tuan aliangalia chini. Ofisa akafunga faili. Pale mezani, harusini, Bi Rehema aliniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba tulipotoka yule bwana alikaa akiukodolea macho mlango, kisha akamwambia kuwa amefanya kazi ile katika nchi nyingi na hajawahi kusikia mtu akitoa sababu kama hiyo dhidi yake mwenyewe.

Viza ilitoka. Tuan alipokea pasipoti dirishani, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Bi Rehema aliinama kwenye tundu la kioo akanong'ona, "Msalimieni mzee." Tulitoka nje, tukatembea bila kujua tunakoelekea mpaka tukafika kwa mama ntilie mmoja chini ya turubai, tukaagiza wali na maharage, na Tuan akala akilia waziwazi, wapita njia wakimtazama. Alimpigia Hoa papo hapo. Sikuhitaji kutafsiriwa. Alisema neno moja, na upande wa pili nikasikia mwanamke mtu mzima akipiga kelele kama msichana aliyeshinda mbio. Kisha nikampigia mama. "Wamempa," nikasema. Mama akajibu, "Ndaga fijo, Kyala," akimshukuru Mungu kwa lugha anayomwombea, halafu bila kupumua, "Ana sweta?"

Aliondoka wiki hiyohiyo. Nilirudi Kyela peke yangu, na mji ukaanza kuongea. Walikuja kunywa chai ili wanitazame. "Ulaya haimrudishi mtu," alisema mmoja nyuma ya pazia, "hata Mnyakyusa akifika kule anasahau ndizi, sembuse yeye." Nilipeleka chai yake na sukari ya ziada nikaondoka. Usiku nililala vibaya, sitaficha. Siku ya upasuaji nilifungua mgahawa kama kawaida kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Mama alikuja, mama mdogo Bupe akaja, mzee Ambokile akaja na wenye mashine wawili, wakakaa meza ya katikati, hakuna aliyeagiza kitu. Mchana ulipita. Vitumbua vikapoa. Simu ilipolia niliidondosha kwenye beseni la mchele, nikaiokota, na nikasikia sauti ya Tuan, nyembamba, ya mtu aliyetoka usingizini. "Subi. Dada amekojoa." Sikuelewa. "Amefanya nini?" "Amekojoa! Figo inafanya kazi. Daktari anasema inafanya kazi vizuri sana. Miaka hakukojoa hivi!" Niligeuka kuwatazama wale watu walioshika roho. "Amekojoa!" nikapiga kelele. Mama mdogo akapiga kigelegele, mzee Ambokile akapiga meza mpaka vikombe vikaruka, na stendi nzima ikaingia kuuliza kuna nini, na kila aliyeingia aliambiwa kwa furaha ya ajabu kwamba kuna mwanamke Ulaya amekojoa. Siku hiyo niligawa wali mpaka sufuria ikabaki nyeupe.

Alitakiwa kukaa huko mpaka kidonda kipone na madaktari waridhike, na viza yake ilikuwa na mwisho wake. Alirudi wiki mbili kabla ya huo mwisho. Hoa alitaka akae mpaka siku ya mwisho, lakini yeye alimwambia, kama alivyonisimulia, kwamba kuna mtu ana swali lake la kuulizwa. Ndege ilitua Mbeya asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa nimekodi gari na nilikusudia kwenda peke yangu, lakini nilipofungua mlango mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amevaa nguo ya kanisani, na kikapu cha ndizi mbivu mapajani. Hakuwahi kufika uwanja wa ndege. Njia nzima aliniuliza kama ndege hutoa taarifa ikichelewa.

Walitoka watu wengi, wenye masuti, watawa, mama mwenye mapacha. Tuan alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekonda, na alitembea akishika ubavu wa kushoto kama mtu anayebeba yai. Aliponiona alisimama, na mizigo ikamponyoka. Nilitaka kukimbia, lakini mama akanipita. Alimfikia yeye kwanza. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku, akafunua shati lake pale pale mbele ya kadamnasi na kuliangalia kovu, refu, jekundu, likianza kufunga vizuri. Akalifunika kwa makini. Akaanza kumgombeza kwa Kinyakyusa kwa jinsi alivyokonda, na Tuan akawa anaitika kila neno, "Ee, mama. Ee, mama," machozi yakimtoka. Nilipofika aliniangalia juu ya kilemba cha mama. "Sasa sina shida na mtu," akasema. "Naweza kuuliza?" Nikasema ndiyo kabla hajauliza, na nikaisema tena alipouliza.

Mpagazi alikuja kuchukua mabegi. Kwa adabu, akitaka kuanzisha mazungumzo, alimwuliza mama, "Mgeni wenu ametokea nchi gani, mama?"

Mama alikuwa ameshamkamata Tuan mkono, upande usio na kidonda. "Mgeni gani?" akasema. "Huyu ni wa kwangu, wa Ngana. Alikwenda kumwuguza dada yake."